DOS 2.0 kwenda NASM: hatimaye nimeona A>

Nimekuwa nikihamisha kodi ya MS-DOS 2.0, mfumo wa zamani wa Microsoft, kutoka MASM (asembla yao) kwenda NASM (asembla huru; asembla ni programu inayogeuza kodi kuwa baiti za mashine). MSDOS.SYS, kiini cha DOS, niliyoijenga kwa NASM imewaka kwenye QEMU, kompyuta ya kuigiza, leo na ikatoa kidokezo cha amri A> safi kabisa, nimepiga ukelele hapa Mkomani mpaka mamangu akaja kuuliza kuna nini. (IO.SYS, inayoongea na vifaa, ni ya kwangu, ile SKELIO waliyotoa Microsoft ni mifupa tu. COMMAND.COM, inayosoma amri za mtumiaji, bado ya MASM.)

Tofauti ndogo za uandishi, kama mabano na kufuta neno offset, ni kazi ya sed (programu ya kubadilisha maandishi), sitaieleza. Iliyonitoa jasho ni ASSUME, mstari wa kuiambia MASM kila rejista ya segimenti (DS, SS, CS) inaelekea sehemu gani ya kumbukumbu. Yenyewe haitoi hata baiti moja lakini ndio inayoamua MASM iandike nini. Ukiingia kwa int 21h (mlango ambao programu huombea huduma za DOS) DS bado ni ya programu ya mtu, data ya DOS iko kwa SS, basi wale jamaa wanaweka ASSUME DS:NOTHING halafu chini wanaandika mov al,[CURDRV] (soma namba ya diski inayotumika) hivi hivi, na MASM kimyakimya inachomeka baiti 36, yaani "tumia SS", mbele ya A0 ambayo ndiyo amri yenyewe. NASM habari hizo haina, inasoma kwa DS, yaani inabisha hodi nyumba ya jirani. Na hailalamiki! Buti inafika mwisho vizuri tu halafu badala ya A unapewa herufi ya kijini na > yake.

Kulinganisha baiti za faili ya MASM na ya NASM nako balaa, mov ax,bx MASM inatoa 8B C3, NASM 89 D8, kazi ni ile ile lakini faili zinatofautiana kila pahali.

Dawa kumbe iko kwenye .LST, listingi ya MASM inayoonyesha baiti za kila mstari: prefiksi ya segimenti (ile baiti ya mbele) inaiandika na nukta mbili, 36: ya SS au 2E: ya CS, waziwazi. Kaskripti ka awk kanaokota mistari hiyo kanachomeka ss: au cs: kwenye faili ya NASM, stima ilipotea katikati lakini betri ilistahimili.

Mtaniambia si utumie JWasm, asembla nyingine inayosoma kodi ya MASM. Sawa, lakini mimi nataka kodi inayosema inachofanya, ukiona [ss:CURDRV] huhitaji kupanda juu kusaka ASSUME ya mwisho iko wapi. Tena Microsoft wameiweka GitHub tangu 2018 kwa leseni ya MIT, asembla nayo iwe huru bwana, si MASM.

COMMAND.COM ndio ilikuwa ifuate ila itangoja, skripti imenitia hamu, nataka ijue na ukubwa pia: MASM inakumbuka kigeu ni db (baiti moja) au dw (word, baiti mbili), NASM haikumbuki (hapo angalau inapiga kelele), na listingi inayo jibu, inc ikiwa FE ni byte, FF ni word. Naanza na hizo.