Athens tunayoitaja, Roma tunayoiishi

Wanasiasa wa mataifa mengi hupenda kusema kwamba demokrasia ni urithi tulioachiwa na Athens, lakini kadiri ninavyosoma, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tulichorithi hasa ni Roma.

Katika karne ya 4 K.K., viongozi wengi wa Athens walipatikana kwa bahati nasibu. Majenerali walikuwa miongoni mwa wachache waliochaguliwa. Baraza la watu 500, lililoandaa ajenda ya mkutano mkuu wa raia, lilikuwa na wajumbe 50 kutoka kila moja ya makabila 10, na hakuna aliyeruhusiwa kuhudumu zaidi ya miaka miwili maishani mwake. Kila siku mjumbe mmoja aliangukiwa na zamu ya kutunza muhuri wa dola pamoja na funguo za mahekalu yenye hazina, na siku yake ilipokwisha alivikabidhi kwa mwenzake, asivishike tena kamwe. Mahakamani lilitumika bamba la jiwe lenye safu za matundu membamba ambamo raia walichomeka vibao vya majina yao, kisha vijipira vyeupe na vyeusi vikadondoshwa kupitia bomba la pembeni, na rangi ya kijipira ikaamua ni safu ipi itakayosikiliza kesi. Ni nani angeweza kumhonga mwamuzi ambaye hadi asubuhi hiyo hakujulikana?

Utaratibu huu uliwafungia nje wanawake, watumwa na wageni, yaani watu wengi wa mji ule, na dhuluma hiyo haifai kupakwa rangi.

Warumi nao walipiga kura, ila katika mkutano uliowachagua makonsuli, yaani viongozi wakuu wa dola yao, raia waligawanywa kwa mali zao katika makundi 193, kila kundi likiwa na kura moja. Kwa mpangilio wa awali, matajiri walishika makundi 98, ilhali wasio na kitu, pamoja na wingi wao, walirundikwa katika kundi moja. Fedha ilitangulia kusema, na wingi ulipopatikana kura zilisimamishwa. Kampeni zetu za mabilioni ziko karibu zaidi na hapo.

Hata hivyo, njia ya Athens haijafa. Kuanzia mwaka 2016, Ayalandi iliwakutanisha raia 99 waliopatikana kwa bahati nasibu, na pendekezo lao kuhusu sheria ya utoaji mimba likafika kwenye kura ya maoni ya mwaka 2018. Ningependa mabunge mengine yaanze kwa kuwaachia raia wa namna hiyo mambo ambayo wabunge wana maslahi nayo, kama vile mishahara yao na mipaka ya majimbo yao.