Siku moja maishani mwangu: bustanini alfajiri, jikoni jioni

Saa 12 asubuhi. Natoka na kapu kabla jua halijapata nguvu. Siku za joto kali kama hizi, mboga huchumwa alfajiri. Mimea imekunywa maji usiku kucha, tango ukilivunja linalia "ta!", majani yamesimama. Ngoja hadi mchana uone yanavyonywea.

Leo nimepata nyanya sita, matango, bilinganya mbili changa na maharage machanga yale ya kuliwa na maganda yake. Mahindi nimeyagusa tu nikayaacha. Hindi bichi likishachumwa, sukari yake huanza kugeuka wanga, na joto huzidisha mbio hizo. Zamu yake ni jioni.

Saa 1. Maharage yanaingia kwenye friji. Nyanya zinabaki mezani, kivulini, na hapa sina mzaha: nyanya ikikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi, harufu yake hufifia, na harufu ndiyo nusu ya utamu wake. Mtu ametunza mche miezi mitatu, kisha anaua ladha kwenye friji!

Saa 2 mpaka saa 6 niko kazini. Hesabu za mwisho wa mwezi.

Saa 7 mchana nafungua chakula nilichobeba: tango na nyanya mbili nzima, kisu kidogo, chumvi kwenye karatasi. Nakata, nanyunyiza chumvi, nasubiri dakika kumi. Chumvi inavuta maji, na chini ya sahani kinakusanyika kimchuzi chekundu. Nachovya mkate humo mpaka sahani inabaki kavu. Kwangu hicho ndicho kitamu kuliko vyote.

Saa 11 jioni, nyumbani. Bilinganya nazikata vipande vya unene wa kidole, natia chumvi, naziacha nusu saa. Matone yanachomoza juu yake kama jasho kwenye paji la uso. Wengi husema ni kwa ajili ya kuondoa uchungu, lakini changa kama hizi hazina uchungu wa kutisha. Mimi natafuta kingine: nyama ya bilinganya ni kama sifongo, ikishatoa maji inasinyaa na hainywi mafuta ovyo. Juzi nilikuwa na haraka nikaruka hatua hii. Mafuta yote yalimezwa kabla upande mmoja haujaiva, na chakula kikawa kizito, kimetota. Nazifuta vizuri kwa kitambaa, ndipo ziingie kikaangoni.

Nyanya zilizobaki zinapikwa na kitunguu saumu, moto mdogo, kwani kikiungua kinakuwa kichungu.

Saa 12. Maharage kwenye maji mengi yanayotokota, yenye chumvi, mpaka yalainike bila kulegea. Mabichi hayafai kuliwa, hilo nalizingatia. Limau nakamua mezani tu, maana ukali wake ukikaa sufuriani unageuza ukijani ule mzuri kuwa rangi ya kaki.

Saa 12 na nusu. Sufuria nyingine inachemka, nami nakimbilia bustanini. Mahindi manne, nayamenya nikitembea, nywele zake zinaning'inia kwenye mikono ya shati. Dakika nne kwenye maji, basi.

Mwanangu amemaliza mawili, anaangalia sahani yangu. Nimelivunja la kwangu katikati, nikampa kipande kikubwa.