Siku moja na konokono wa michu

Saa kumi na mbili asubuhi. Ni bamvua, siku za maji makubwa, na maji ya usiku ndiyo kwanza yanaondoka kwenye michu, miti ya jamii ya mikoko. Nina daftari, futi ya kupimia na viatu vya mpira vinavyovuja. Nasaidia watafiti hapa Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya, na wiki hii kazi ni konokono aitwaye Cerithidea decollata. Usimchanganye na tondo, konokono mwingine. Tondo ni mkubwa, yuko kule chini kwenye mikoko, anakula majani yaliyodondoka. Huyu wangu ana kama sentimita 3, anapatikana kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, na ncha ya gamba lake imekatika. Kilatini kimemwita aliyekatwa kichwa, ingawa kilichokatika ni upande wa nyuma!

Saa moja na nusu wanashuka kutoka kwenye mashina, mmoja mmoja. Tumewatia nukta za rangi ya kucha tuwatambue.

Saa nne, maji yamekupwa kabisa. Wametawanyika wakila utando wa juu wa matope, nami nimeinama kati ya mizizi ya kupumulia. Mzee mmoja anapita na nyavu begani.

“Bado mwahesabu wadudu hao?”

“Bado, mzee.”

“Na hawaishi?”

Hawaishi.

Saa saba ndiyo saa yangu. Jua kali, matope yanaanza kukauka, maji hayaonekani wala hayasikiki. Nao wanageuka. Wanarudi kwenye mashina, wengine kwenye mti uleule walioshuka asubuhi, wanaanza kupanda. Zamani nilidhani wanafuata jua. Lakini usiku nao hupanda, na maji yanapochelewa kwa karibu dakika 50 kila siku, wao huchelewa nayo. Isitoshe, siku za bamvua hupanda juu zaidi kuliko siku za maji mafu, yaani maji madogo. Maji hayajafika, wao wameshajua yatafika wapi. Kaa na samaki wawindaji huingia nayo, kwa hiyo kukaa chini ni hatari.

Saa nane na nusu napima walipofika juu ya shina: huyu sentimita 40, yule 55, yule kajificha kwenye ufa.

Saa tisa maji yanaingia. Mwenye nukta ya manjano bado yuko kwenye mzizi, hana haraka. Namsubiri. Anagusa shina, naandika saa, ndipo nasikia baridi ndani ya viatu. Aliyechelewa ni mimi.