Nilivyotayarisha vichekesho vya kinjozi vya redio kisiwani Lamu

Nilipokuwa nikijitolea katika kituo kimoja cha redio ya jamii hapa Lamu, niliomba nipewe dakika 15 kila Alhamisi usiku ili nitayarishe vichekesho vifupi ambavyo ndani yake mambo huenda kama yaendavyo ndotoni: bahari hupotea, samaki huandika barua, na mlango hukataa kufunguka mpaka uamkiwe kwa heshima. Nilikubaliwa, na naandika hapa namna tulivyoifanya kazi hiyo, kwa kuwa najua wapo vijana wengine wa pwani wanaotamani kuifanya na hawajui waanzie wapi.

Hamu yenyewe niliipata kwa kusikiliza rekodi za The Goon Show, kipindi kilichorushwa na BBC kuanzia mwaka 1951 hadi 1960, ambacho sehemu kubwa ya maandishi yake ilitoka katika kalamu ya Spike Milligan. Mizaha mingi ya Waingereza wa miaka ile hainigusi. Nilichokipenda ni kuona jinsi watu watatu, yaani Milligan mwenyewe, Peter Sellers na Harry Secombe, walivyoweza kuujaza mji mzima wa wahusika kwa koo zao tu, na jinsi mlio wa kitu ulivyopewa kazi sawa na ya mwigizaji. Nikafikiri kwamba sisi pia tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu ambaye ni nahodha wa mashua, na mama mmoja wa Langoni ambaye kila arusi ya mtaa wake humwita awachekeshe wanawake.

Kipande chetu cha kwanza kilikuwa kosa, na kosa hilo lilikuwa langu. Kituo chetu husoma matangazo ya vifo, ya mikutano na ya mbuzi waliopotea, na wasikilizaji huyaamini. Niliandika tangazo la kwamba maji ya mkondo ulio baina ya Amu, yaani Lamu yetu, na kisiwa cha Manda yamepotea tangu alasiri, na kwamba atakayeyaona ayapeleke gatini, kisha nikampa msomaji wetu alisome kwa sauti yake ileile ya kila siku. Hakucheka mtu. Mzee mmoja alipiga simu, akasema kwa upole, “Mwanangu, mai yapo. Nimeyaona kwa mato yangu.” Baada yake alipiga dada mmoja ambaye mumewe alikuwa hajarudi kutoka kuvua, naye sauti ilikuwa ikimtetemeka. Simu hiyo ya pili ilininyima usingizi. Katika kisiwa ambacho karibu kila nyumba ina mtu wake baharini, habari ya bahari ni amana, na nilikuwa nimeichezea. Wiki iliyofuata niliomba radhi hewani kwa maneno ya kawaida, na tangu siku hiyo hatujatumia tena umbo la tangazo kwa mzaha wowote.

Tulihitaji kizingiti, yaani alama ya kumjulisha msikilizaji kwamba sasa anaingia mahali pengine. Ni yule mama wa Langoni aliyekipata, tena bila kutafuta. Tulikuwa tumeketi barazani kwake, mjukuu wake akadai hadithi, naye akaanza, “Paukwa!” Mtoto akajibu, “Pakawa!” Mama akaendelea kama walivyofanya bibi zake: kaondokea Chenjagaa, kajenga nyumba kaka, mwanangu mwana Siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta na vilango vya kupita. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni, lakini usiku ule ndipo nilipoyasikia kweli. Jino linajengewa ukuta, na ukuta una vilango! Hakuna mtoto wa pwani aliyewahi kuuliza jambo hilo linawezekanaje. Tangu hapo kila kipindi chetu kimefunguliwa kwa “Paukwa”, na binamu yangu anasema kwamba mashuani mwake abiria huitikia “Pakawa” pamoja na redio.

Baada ya kizingiti lilikuja suala la kuandika, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Mwanzoni nilirundika maajabu: punda anaimba, ngome inatembea, mwezi unauza samosa, yote katika dakika tatu, na wasikilizaji walichoka kwa kuwa hawakuwa na pa kushika. Sasa kila kipande nakiruhusu jambo moja tu lisilowezekana, na yote yanayolizunguka lazima yawe sahihi kabisa. Mfano ninaoupenda ni wa samaki wa birika. Nyumba zetu za mawe zina birika la maji chooni, na desturi ya zamani ni kuweka humo samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Katika kipande chetu, samaki mmoja anamwandikia mwenye nyumba barua ya kuomba kustaafu. Hilo ndilo ajabu pekee. Barua yenyewe imeandikwa kwa adabu zote za barua ya kazi, samaki anataja vizazi vitatu vya nyumba hiyo alivyovihudumia, analalamika juu ya kata inayotumbukizwa kwa nguvu alfajiri, na anapendekeza mpwa wake achukue nafasi. Mwenye nyumba hashangai kwamba samaki anaandika. Kinachomshughulisha ni kwamba mpwa huyo bado mdogo, na msimu wa mbu umekaribia. Waigizaji nao nimewakataza kucheka au kuonyesha kwamba wanajua ni mzaha, kwa kuwa samaki asipojichukulia kwa uzito, msikilizaji naye hatamwamini.

Sauti ya samaki tuliipata kwa kumwinamisha binamu yangu juu ya mtungi uliojaa maji nusu, maikrofoni ikiwa ubavuni mwa mdomo wa mtungi. Milio mingine ilitaka subira zaidi. Kila mtu hufundishwa kwamba kwato hutengenezwa kwa vifuu viwili vya nazi, na tulipovigonga juu ya meza ulitoka mlio wa farasi wa filamu, ambao hapa hatuna. Punda wa Lamu hutembea bila viatu vya chuma, katika vichochoro vyenye mchanga na saruji iliyopasuka. Tulivifunga vifuu kwa kitambaa, tukamwaga mchanga mwembamba juu ya ubao, na mara ya nane hivi mchukuzi mmoja wa mawe aliyekuwa akipita dirishani alisimama kumtafuta mnyama. Chumba cha kurekodia kina kuta nene za matumbawe na hurudisha mwangwi mwingi, kwa hiyo tulitundika mikeka na magodoro, na kazi ya kukata na kuunganisha niliifanya kwa programu ya Audacity, ambayo haina malipo.

Kipande kilichotugharimu siku nyingi kuliko vyote ni kile cha “njia” na “ndia”. Msimulizi wetu huzungumza Kiswahili sanifu, kinachosema “njia”, na wahusika huzungumza Kiamu, lahaja ya hapa Lamu, ambayo njia hiyohiyo huiita “ndia”, na katika kipande hicho maneno hayo mawili yanakutana katika uchochoro mwembamba ambao hauwezi kuyapitisha yote mawili. Kila moja linadai kuwa ndilo lililotangulia. Niliandika miisho minne ambayo moja lilishinda, na yote niliitupa, kwa sababu ilimwumiza mtu fulani, ama mwalimu wa shule ama bibi yangu. Katika toleo tulilolirusha, maneno hayo yanasimama kimya mpaka punda anakuja na kuyarudisha nyuma yote mawili. Kimya hicho kilikuwa na shida yake, kwa kuwa redio ikinyamaza sekunde chache tu watu hudhani kituo kimezimika na huanza kutafuta kingine. Ilinibidi nikae na simu yangu mtaani Mkomani saa nane mchana, wakati mji umelala, nirekodi uchochoro wenyewe: paka, sufuria ikianguka mbali, injini ya mashua kutoka gatini. Sauti hizo zikiwa chini yake, kimya kilidumu sekunde 11, na hakuna aliyehama.

Yule mzee wa maji ya mkondo alipiga tena simu baada ya kipande cha samaki. Aliuliza kama mpwa amekubaliwa kazi, nami nikamjibu kwamba bado hatujaamua. Akasema nyumbani kwake lipo birika lenye nafasi. Sasa naandika sehemu ya pili, ambayo samaki huyo mdogo anahamia kwake, na mzee amekubali kuigiza mwenyewe, kwa Kiamu chake. Tunasubiri kusi ianze ili turekodi tanga la mashua ya kumsafirisha, maana kanga tuliyoipunga mbele ya maikrofoni haijatoa mlio unaomridhisha nahodha wetu.