Huyu gayogayo ni wa ukoo gani?

Kazi yangu ni kukata vipande vya mapezi ya samaki, kuvitia kwenye vichupa vya spiriti na kuandika lebo. Mama karanga mmoja, mkaanga samaki wa Mji wa Kale, Mombasa, ameshanijua, hunibakishia samaki wa ajabuajabu. Juzi alinitolea gayogayo, yule samaki bapa, mnene, kinywa kipana, meno marefu yenye ncha. "Mwanangu, jito hili halikufika," akasema akimgeuza. "Limekwama utosini."

Kweli limekwama. Gayogayo wote wakiwa vifaranga huwa na jicho moja kila upande. Wakikua, moja huhama na kuvuka kichwa, samaki akalalia ubavu. Huyu, kwa jina la kisayansi Psettodes erumei, jicho lake linaishia ukingoni, na pezi la mgongoni halipandi hadi kichwani kama la wenzake. Na macho yake yaweza kuwa kulia au kushoto, karibu nusu kwa nusu.

Sasa huko kulala ubavu kulianza mara moja, au mara mbili? Jamaa zao wa karibu tunawajua: kolekole, mzia, nduwaro, hata chazo anayejibandika kwa kasa. Wako wanaosema Psettodes alitoka kwa jamaa hao kivyake, akalala mwenyewe.

Watu hudhani DNA ikishasomwa maneno yamekwisha. Wapi! Jeni ya COI, iliyo nje ya kiini cha seli, kipande chake cha herufi kama 650 za DNA, yatosha kukwambia minofu iliyochunwa ngozi ni ya samaki gani. Iulize ya miaka milioni 50 na zaidi, itababaika: herufi zilezile zimebadilika zikabadilika tena, alama za kale zimefutika. Basi husomwa jeni nyingi za kwenye kiini cha seli, nazo zina vituko vyake. Koo hizi zilitengana harakaharaka, kwa hiyo kila jeni inatoa nasaba yake. Tena kiasi cha herufi G na C, mbili kati ya nne za DNA, hakilingani baina ya koo, na programu inayodhani kinalingana huweza kuwafanya ndugu watu baki, kisa herufi zao zinafanana.

Ndipo mabishano yakaja. Mwaka 2013 mtafiti Campbell na wenzake hawakuupata ukoo mmoja wa gayogayo wote. Mwaka huohuo Betancur-R na wenzake, walioizingatia hiyo tofauti ya herufi, wakaupata. Mwaka 2016 Harrington na wenzake walisoma vipande zaidi ya 1,000 vya jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe: ukoo mmoja. Mwaka 2021 makala katika jarida la Nature Genetics, kwa jenomu nzima, ikasema asili mbili. Mwaka 2024, jarida lilelile, ikajibiwa: moja.

Mimi niko na hao wa moja. Jenomu nzima si hoja ikiwa hesabu ina upendeleo. Unarudia kosa lilelile kwa herufi nyingi zaidi. Na visukuku vya Italia, samaki wa kale waliogeuka mawe, alivyovieleza mtafiti Friedman mwaka 2008 vina jicho lililofika nusu ya safari, hata jicho la huyu samaki wa mama limetangulia.

Shida ni kwamba Psettodes wanaojulikana ni spishi tatu tu, mbili ziko Afrika Magharibi. Tawi refu la nasaba, halina ndugu wa kulikatiza katikati. Kwa hiyo ninyi wa Vanga na Shimoni, mkimpata, kabla hajaingia kikaangoni nikatieni kipande cha pezi. Spiriti nitaleta mimi.