Kumbe lile ua la pinki!

Jana nilikaa na mdogo wangu wodini akiwekewa dripu yake ya nne ya vinkristini, dawa ya saratani. Nikamuuliza nesi dawa hii inatoka wapi, akacheka: "Kwenye lile ua la pinki la petali tano mnalopanda mbele ya nyumba."

Jamani! Ua tunalopita kila siku!

Usiku nikasoma. Asili yake ni Madagaska. Miaka ya 1950 watafiti wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, walilichunguza kwa ajili ya kisukari, maana huko Jamaika watu walikunywa chai ya majani yake. Sukari ya panya haikushuka. Kilichoshuka ni seli nyeupe za damu! Na saratani ya damu mara nyingi ni seli hizo kuzidi, basi wakaona hapa kuna dawa. Wakapata vinblastini, baadaye ikaja ndugu yake, vinkristini. Seli ikitaka kugawanyika hujenga nyuzi za kuvuta kromosomu (vibeba vinasaba) huku na huku. Dawa inazuia nyuzi zisijengeke, seli inakwama na kufa. Mishipa ya fahamu nayo inahitaji nyuzi hizo, ndiyo maana vidole vya mdogo wangu vina ganzi.

Mama mkubwa kusikia hivyo, akaulizia sufuria. Nikamwambia hapana, majani yenyewe ni sumu, na gramu moja ya dawa hutoka kwenye mamia ya kilo za majani makavu. Tena inaingia kwenye mshipa wa damu tu, hainywewi. Akanuna.

Leo asubuhi nimemkuta anayamwagilia maji yale maua.