Siku niliyoandika sifa za Matroni

Saa 11 alfajiri. Hata uso sijanawa, tayari naisoma karatasi kwa sauti. Niko ofisi ya wahitimu wa chuo kikuu, na leo jioni chuo kinamtunuku muuguzi aliyesoma hapa hapa, akapanda kutoka wodini hadi ukurugenzi wa huduma za uuguzi, akastaafu, na miaka yote hiyo akawa anahamasisha watu kuchangia damu bila kulipwa hata senti. Sisi tunamwita Matroni tu. Sifa zake zitakazosomwa ukumbini nimeziandika mimi. Nimepewa dakika mbili. Nikisoma taratibu zinafika tatu na nusu.

Ila urefu si tatizo kubwa. Karatasi imejaa "mwenyekiti wa", "mjumbe wa", "alisimamia". Ukiliziba jina, unaweza kumsomea mstaafu yeyote mwenye suti.

Saa 2 na nusu. Ngao imeletwa. Inang'aa, jina halina kosa, na mbele ya jina fundi amechonga "Dkt." Nampigia simu. "Si alikuwa bosi hospitalini?" ananiuliza, na hana nia mbaya hata kidogo. Barua yetu ya kwanza ilifanya kosa hilo hilo, Matroni akaturudishia ikiwa na wino mwekundu: "Mimi ni muuguzi. Andikeni hivyo." Fundi anaomba mpaka saa 9. Nakubali, nitafanyaje?

Saa 4. Mazoezi ukumbini. Wapo wote isipokuwa mtunukiwa, na simu hapokei. Nahisi nitampata wapi. Wiki kadhaa nilizokuwa nikimpigia kukusanya habari zake, mara tatu alinialika kwenye zoezi la kuchangia damu, na mara tatu nikamjibu nina kazi nyingi.

Yuko chumba cha jirani na mabweni, mikono ya blauzi imekunjwa.

"Shikamoo Matroni."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuchangia au kunichukua?"

"Kukuchukua, Mama. Mazoezi yameanza."

"Kupanda ngazi za jukwaa najua. Hebu nishikie hili."

Ni daftari la shule, jalada limebandikwa plasta ya hospitali kwenye mgongo. Ndani kuna safu zilizopigwa kwa rula: mtu (herufi mbili tatu, anazielewa yeye peke yake), kundi la damu, mara ya mwisho kuchangia. Kisha safu ya nne, pana kuliko zote: "Anaogopa nini". Sindano. Kuona damu, akae ameuelekea ukuta. Mama yake amemkataza. Kuna mstari umeandikwa "Majibu", basi. Damu inayochangwa hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, na wapo wanaostahimili sindano lakini hawataki kujua. Namuuliza huyo anamshawishije. "Simshawishi," anasema. "Namwambia mahali pa kupima kwa siri, halafu namwacha."

Kijana mmoja kitini anaanza kutoa jasho, midomo imepauka. Matroni hakimbii. Anamwambia akaze mapaja kama anayetaka kunyanyuka, alegeze, akaze tena. Huku anamuuliza mtihani wa jana ulikuwaje. Muuguzi wa zamu analaza kiti, miguu inapanda juu. Dakika chache baadaye kijana analalamikia swali la nne, na rangi imemrudi.

Nimekaa pale kuliko nilivyopanga. Nimeelewa kwa nini anang'ang'ania tarehe. Seli nyekundu zikitunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 6 hukaa siku 42 kwa kawaida, kisha hutupwa. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku 5 hadi 7 tu. Ukikusanya watu elfu moja siku moja yenye bendi na maturubai, mwezi wa pili jokofu liko tupu, na mwanamume uliyemtoa damu atasubiri miezi 3, mwanamke 4. Kwa hiyo anamtaka mtu atakayerudi. Na anayerudi ni yule ambaye mara ya kwanza hakuaibika.

Mazoezi? Tumekosa, sote wawili.

Saa 7 mchana. Mezani kwangu. Nilikuwa na sentensi niliyoipenda mno, kwamba tangu 1975 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulishazihimiza nchi zitegemee wachangiaji wa hiari wasiolipwa. Ni kweli, na inasikika vizuri. Nimeikata. Nimekata na wenyeviti wanne. Mahali pao nimeweka safu ya nne.

Saa 9. Ngao imerudi. "Dkt." haipo, ila palipofutwa palibaki pengo, na fundi ameliziba kwa kaua kadogo. Nimetazama kwa karibu, nimetazama kwa mbali. Kanapita.

Saa 12 na nusu jioni. Sifa zimesomwa kwa dakika mbili kasoro. Penye "mama yake amemkataza" ukumbi umecheka. Penye "majibu" umenyamaza. Matroni amepokea ngao, akageuka upande wa kipaza sauti ambacho kwenye ratiba hakikuwa chake. "Asanteni sana. Zoezi lijalo ni Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao. Mliochangia leo msije, ni mapema." Akashuka. Mshereheshaji alikuwa amemtengea dakika kumi za shukrani na sasa hajui azifanyie nini.

Saa 3 usiku. Namsindikiza kwenye gari, ngao kwapani. Anatafuta funguo mkobani, ananipa daftari nimshikie tena. Limefunguka ukurasa wa mwisho ulioandikwa, na wino wa mstari wa chini bado mbichi kuliko mingine. Huyu hakumfupisha kwa herufi.

"Wa ofisi ya wahitimu. Kundi: bado. Mara ya mwisho: bado. Anaogopa nini: kazi nyingi."